Matete ya Anyesi

Nikipita Mlali sikosi kumsalimu Anyesi, anayetunza matete kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Maji waliyooshea mapipa huwa machungu na yananuka, basi hupitishwa kwenye kitalu cha kokoto kilichopandwa matete. Mizizi huyasafisha, kisha hushukia korongoni, mbuzi wa kijiji wanakokunywa.

Safari moja nilimkuta na mama mkwe wake, bibi Debora wa Gulwe, mgeni wa siku ya pili. Kwao mgeni mwenye nguvu haoni jembe akakaa. Alfajiri, Anyesi akiwa kisimani, bibi aliingia kitaluni akapalilia. Nusu ya matete ikawa chini.

"Mwanangu, majani yamekushinda namna hii?" akamuuliza Anyesi aliporudi. "Majirani watakucheka!"

Anyesi akashika kichwa. "Mama, hayo ndiyo yanayosafisha maji! Sasa mbuzi wa watu watakunywa uchafu wa mapipa."

"Si watalewa tu?"

"Watahara, mama!"

Alikimbia kufunga koki, akapiga magoti, akafukua kokoto kwa vidole. Bibi alisogea, jembe mkononi, akachungulia. Mizizi ilikuwa mizima; jembe lilikuwa butu, limekata juu juu.

"Afadhali hukulinoa, mama," Anyesi akasema, wakacheka wote wawili.

Maji yalizuiwa tangini mpaka matete yalipochipua yakasimama. Nilipopita tena, mbuzi walikuwa korongoni wanakunywa, na bibi Debora amekaa kivulini, amenyoosha miguu. Mkwewe alikuwa amemwambia apumzike, naye akatii.