Kabati la Sura ya Tisa

Mzee alikuwa na kiti chake saluni kwangu, kile cha dirishani, na mteja akikikalia Alhamisi mchana nilimhamisha hata kama kichwa kimesukwa nusu. Alizaliwa Tanganyika, nyuma ya duka la baba yake, akaja Durban kuoa, na kwa miaka arobaini alikuwa akiandikia gazeti dogo la Kigujarati, lugha ya Wahindi wenzake, lililotoka kila Jumamosi. Aliandika harusi, misiba, maghala yaliyoungua na ndugu waliogombea maduka mahakamani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa riwaya yake, sura moja kila wiki. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani Tanganyika, changu cha Bukavu kule Kongo, na kila mmoja aliona mwenzake anakiharibu.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kupeleka sura kwa mchapaji aliniletea, imeandikwa kwa mkono, akanitafsiria huku nikisuka. Nikicheka, inabaki. Nikinyamaza, anaichana hapo hapo na kuanza upya.

"Wasomaji wangu ni waungwana, hawaniambii kitu," alisema. "Wewe huna adabu, dada. Ndiyo maana nakuhitaji."

Nami nilijivuna, sitaficha. Mimi niliyeishia darasa la sita, mwandishi mzima anangoja uso wangu!

Mwaka 2015, kuelekea Pasaka, mambo yakaanza kubadilika. Simu zilileta ujumbe kwamba siku fulani magenge ya wenyeji yatapita mtaa fulani, yanatafuta wageni wa kuwafukuza. Mdogo wangu aliishi mtaa wa Albert Park na watoto wake watatu, na jirani aliyezoea kumwomba chumvi akaacha kuitikia salamu. Nikawahamishia saluni. Nyuma ya kabati la mawigi kulikuwa na mlango wa stoo ambayo kila mtu alikwisha kuisahau. Mwenye jengo alikataza mtu kulala saluni, akasema akikuta godoro moja tu atanifukuza. Kwa hiyo mchana watoto walikaa kimya gizani, na mimi niliongeza sauti ya redio.

Mzee alijua. Asingekosa kujua, alikuwa mwandishi wa habari.

Katika riwaya yake tayari kulikuwa na msusi kutoka Kongo, mwenye ulimi mkali. Tulipofika sura ya tisa, yule msusi alikuwa na kabati la mawigi. Ukilisukuma kushoto unakuta mlango, na nyuma ya mlango mama na watoto. Mikono yangu ikasimama kwenye nywele za mteja.

"Mzee, hilo ni kabati langu."

"Lakini ni Kigujarati, dada! Nani anasoma? Vijana wetu wenyewe hawakijui. Tumebaki wazee tu."

Akaendelea kusoma. Mtoto aliyefichwa amelala kifudifudi, anahesabu viatu vya wateja kupitia upenyo wa chini ya mlango, na kila kiatu anakipa tabia: hiki mlevi, hiki mchungaji. Ndivyo alivyofanya mpwa wangu hasa. Nikacheka. Nilijua sipaswi kucheka, nikacheka tu, kwa sababu ilikuwa nzuri na ilikuwa yetu.

Sura ikabaki.

Wazee tu, alisema, na wala hatukujiuliza majengo ya mtaa ule ni ya nani. Mwenye jengo, Mgujarati pia, hakuweza kusoma Kigujarati. Mama yake aliweza, na kila Jumamosi mezani alimsimulia mwanawe sura mpya.

Jumatatu asubuhi mtaa ulikuwa umefungwa nusu. Wenye maduka ya simu walikuwa wakishusha milango ya chuma. Mwenye jengo akaingia na gazeti kwapani, hakusalimu, hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akalisukuma kushoto.

Mdogo wangu alikuwa amemziba mdomo mtoto wake mdogo kabisa.

"Mama yangu aliniambia msusi wa gazetini ni wewe," alisema yule bwana kwa Kiingereza. "Nilimwambia ni hadithi. Wale watu wakijua hawa wako hapa, watachoma jengo lote. Watoke leo."

Nilimchukia, na bado namchukia, ingawa naelewa aliogopa kama sisi.

"Yaya, tunaenda wapi?" mdogo wangu aliniuliza, akiniita dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu. "Kule kwetu Albert Park iko danger."

Walikwenda kwenye uwanja wenye mahema ya wakimbizi, kwa miguu.

Alhamisi mzee alikuja kama kawaida. Hakukuwa na mteja. Alikaa kwenye kiti chake, akafungua sura ya kumi, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mwenye jengo wa riwaya analisukuma kabati, anawaona watoto, analia, kisha analirudisha kabati mahali pake na kwenda zake.

Akaniangalia usoni. Nilinyamaza.

Akaichana. Vipande vilianguka sakafuni juu ya nywele ambazo sikuwa nimezifagia tangu Jumatatu.

"Kweli," alisema. "Nitaandika walivyotoka."

Akatoa karatasi nyingine, akaiweka gotini. Nadhani alitaka kuomba msamaha kwa namna pekee aliyoijua.

"Godoro alilibeba nani?"

"Mdogo wangu. Kichwani."

Akaandika. Kisha, bila kuinua macho, kalamu tayari, akauliza, "Na wako wapi sasa?"

Nikamnyang'anya kalamu, nikamfungulia mlango atoke.