Matuta Yaliyoandikwa Matupu

Mama yangu alilima mchicha bondeni Temeke, kando ya kijito, nyuma ya kiwanda cha nguo nilikokuwa karani. Mchicha huo ndio ulionisomesha. Kiwanda kilipopata wabia kutoka nje wenye mashine mpya za kutia rangi, wakubwa wakataka bonde lote. Nilifurahi, mjinga mie. Kazi yangu ilikuwa kuandika mita za nguo za kila zamu, na niliamini mita zikiongezeka nchi itapona.

Ardhi ilikuwa ya umma, kwa hiyo fidia ililipwa kwa kilichostawi juu yake tu. Nikamwambia Mama kwamba mthamini wa serikali anakuja Jumatatu. Sikumweleza zaidi, nilidhani anaelewa. Yeye alichosikia ni kwamba anakuja mgeni. Jumapili akavuna matuta yote, akafagia vijia, na asubuhi yake akapika wali na mchicha wa nazi. Mafungu mengine akayafunga kwa kamba za mgomba, mgeni awapelekee wanawe.

Mthamini alikula akashiba, akashukuru kwa adabu. Kisha akashuka bondeni na karatasi yake.

"Hapa pana nini, Mama?"

"Mchicha, baba. Si ndio huo uliokula?"

Akacheka kidogo, akaandika: matuta matupu, minazi miwili. Kijito hakikuwa na nafasi kwenye ile karatasi. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake na ningeweza kusema. Niliogopa kuonekana napinga maendeleo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Yule alitumaliza, nami nilimsaidia.

Mama akalipwa fidia ya minazi miwili tu, na bonde likachukuliwa. Rangi ikamwagwa kijitoni, maji yakawa ya buluu, siku nyingine mekundu. Mashine zilikwenda miezi michache, kisha spea zikakosekana kwa kuwa fedha za kigeni hazikuwepo. Tukawa tunakwenda kazini kukaa. Nguo hazikuonekana, na Mama akawa ananunua mboga sokoni kwa wanawake waliokuwa wakinunua kwake. Aliona haya kiasi cha kuugua.

Mwishowe akaniomba nimtafutie kazi yoyote. Kiwandani palikuwa na nafasi ya kufagia. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele ya msimamizi, kijana niliyemzidi umri, akampa shikamoo. Naye akaitikia marahaba, bila kuinua kichwa. Nilikuwa hapo hapo, nikaendelea kuandika.