Kutoka Uuguzi Kwenda Hisabati

Kutoka mlango wa Skuli ya Uuguzi hadi mlango wa Skuli ya Elimu ni mwendo wa dakika sita, labda saba ukikutana na mtu wa kusalimiana naye. Mimi ulinichukua wiki tano, na nilipofika nilikuwa hoi hata furaha haikunijia. Watu wakisikia kwamba nilihama kozi mwanzoni mwa mwaka wa pili hudhani nilikuwa kijana mwenye msimamo, anayejua anakokwenda. Hawakuniona. Nilikuwa na fomu moja iliyokunjika pembe na viatu vilivyolika upande mmoja.

Uuguzi niliujaza wa kwanza kwenye orodha kwa sababu alama zangu zilitosha, na kwa sababu mama alikuwa ameketi kando yangu nikijaza. Damu haikunitisha. Kusafisha vidonda hakukunitisha. Kilichonishinda ni kuulizwa. Unatumwa wodini kupima joto tu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyejua hili wala lile, na mgonjwa anakushika mkono na kukuuliza kama atapona. Nililibeba swali hilo hadi bwenini, nikala nalo, nikalala nalo. Mwenzangu wa chumba alikuwa akisomea ualimu wa hisabati, na jioni nilimfanyia mazoezi yake ili nipumzike. Hesabu ikikataa inakataa kimya kimya, haikushiki mkono.

Mama ana meza ya omena, dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga. Siku barua ya chuo ilipofika aliwasomea wenzake wote wa pale, na kabla sijaripoti chuoni alikuwa amekwisha kuwa Mama Daktari. Pale ufuoni hakuna tofauti ya muuguzi na daktari. Ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, basi. Kila Jumamosi nilipokwenda kumsaidia kupima omena kwa kopo la gorogoro, niliwakuta watu wawili watatu wameketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, wakiningoja. Huyu goti, yule presha, mwingine ana picha ya eksirei ya shemeji yake kwenye simu. Mama hakuwaita, lakini hakuwafukuza pia. Baba alitutoka mapema, na maisha hayakumpa mama mengi ya kujivunia, na mimi niliona jinsi alivyokaa wima watu wakimwita kwa jina lile.

Nilichokiogopa, basi, hakikuwa chuo. Niliogopa kumvua mama jina hilo mbele ya watu.

Fomu ilitaka sahihi tano, na ya kwanza ilikuwa ya mzazi. Mama alimaliza darasa la nane na Biblia yake ya Kiingereza anaisoma bila kukwama, kwa hiyo nilichagua Jumamosi yenye wateja wengi. Nilimwekea fomu juu ya gunia, nikatandaza kiganja changu juu ya maandishi kana kwamba nazuia upepo.

"Hiyo ni ya nini?" akauliza.

"Mambo ya chuo tu, mama. Wanataka mzazi aweke saini."

Akajipangusa mikono kwenye leso, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, huku mteja akimngoja. "Soma kwa bidii," akasema, akarudi kwa gorogoro yake.

Sahihi zilizobaki ndizo zilizonila wiki tano. Mkuu wa Skuli ya Uuguzi alisema hawezi kuniachilia kabla ya kuona kwamba kuna anayenipokea. Mkuu wa Skuli ya Elimu alisema hawezi kumpokea mtu ambaye bado ana wenyewe. Sekretari wa huku aliniambia mkubwa yuko mkutanoni. Wa kule aliniambia mkubwa ametoka sasa hivi, hamkupishana? Nikawa nahudhuria masomo ya skuli zote mbili nisije nikakosa kote. Asubuhi najifunza figo, saa nane najifunza matriki. Kwenye orodha ya mahudhurio ya hisabati jina langu halikuwepo, kwa hiyo kila wiki nililiandika kwa kalamu chini kabisa, na kila wiki orodha mpya ilichapishwa bila hilo jina. Ilifika mahali nikawa naliandika bila hata kukasirika.

Mwishowe sekretari wa Uuguzi ndiye aliyechoka kuniona. Alininyang'anya fomu, akaingia nayo kwa mkubwa bila kubisha, akatoka nayo imetiwa sahihi. "Sasa enda, na usinirudie hapa," akasema. Hiyo ndiyo kwaheri niliyopewa. Wiki hiyo hiyo Skuli ya Elimu ikanipokea, herufi za mwanzo za nambari yangu ya usajili zikabadilishwa, nikawa mwanafunzi wa ualimu.

Sikumwambia mama. Nilisema nitamwambia Jumamosi, na Jumamosi ilipofika nikasema ijayo. Mwaka ukaisha hivyo. Siku tano nilisoma hesabu, siku ya sita nikawa daktari, na ni hiyo ya sita iliyonichosha. Nilijifunza kusema maneno yasiyoweza kumdhuru mtu: kunywa maji, pumzika, nenda ukapimwe. Nilijiambia kwamba hayo hata mwalimu anaweza kuyasema.

Meza inayopakana na ya mama ni ya mama mmoja anayekaanga ngege, wale samaki wa ziwani wanaokwenda na ugali. Siku moja mafuta ya moto yalimrukia mguuni. Mimi aliniita wiki tatu baadaye. Alipoanza kufungua leso aliyoufungia mguu, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Ana sukari, hilo pale ufuoni kila mtu alilijua. Mwaka wangu mmoja wa uuguzi ulitosha kunionyesha kwamba kidole kidogo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

"Nenda hospitali leo, mama," nikamwambia.

"Hospitali ya nini na daktari uko hapa? Huko laini ni mrefu, na hii samaki nani ataangalia? Wewe niandikie tu dawa, nitanunua kwa chemisti."

Nikakataa. Akabembeleza. Mama alikuwa akitutazama kutoka mezani kwake, na wateja wawili pia walikuwa wakitutazama. Nikachana karatasi kwenye daftari langu la hisabati, nikaandika jina la mafuta ya kupaka. Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini hilo bado linanichoma.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta akikaanga samaki akiwa ameketi, mguu umevimba hadi juu ya kifundo. Aliniambia dawa inafanya kazi, maumivu yameisha kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana kidonda cha mwenye sukari kikiacha kuuma si kwamba kimepona. Nikamwambia tena aende hospitali, nikamwambia mara mbili, mara tatu. Akacheka, akageuza samaki wake.

"Wacha dawa ya daktari imalize kazi," akasema.

Mama akaweka gorogoro chini. Akaja akasimama kati yangu na sufuria ya mafuta.

"Huyu si daktari," akasema. Hakupaza sauti, lakini wote walisikia. "Aliwacha hiyo maneno. Anasomea ualimu tangu mwaka jana. Toa hiyo kuni, nyamera, dada yangu, twende hospitali."

Mzee mmoja wa goti, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo akiningoja, akasimama akajikung'uta suruali akaenda zake. Yule mama alimtazama mama yangu, akanitazama mimi, kisha akaanza kuchomoa kuni jikoni moja baada ya nyingine.

Hospitalini walimwingiza ndani moja kwa moja, na watu waliokuwa kwenye foleni hawakunung'unika walipouona mguu. Mama na mimi tukabaki kwenye benchi la nje tukinuka moshi na samaki. Nikamgeukia mama.

"Ulijua lini?"

"Siku ya fomu," akasema bila kugeuka. "Ulifunika huko juu. Na pale chini, mahali mzazi anaandika, imeandikwa tena ni skuli gani unatoka na ni gani unaenda."

"Na hukuniuliza."

"Nikuulize nini na wewe ndio uko na mdomo? Nilisema acha nimngoje, ataniambia Jumamosi. Nikangoja ile ingine." Akavua kandambili, akanyoosha miguu yake sakafuni. "Watu wakiita Mama Daktari, naitika. Nikikataa wataniuliza ni nini, na mimi nitasema nini? Mwaka mzima naitika, nyathina, mtoto wangu. Nimechoka."

Nilimwomba msamaha. Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho, akaegemea ukuta. Niliona aibu kuliko nilivyopata kuona aibu siku yoyote, kwa sababu mwaka huo wote nilidhani kwamba mzigo ni wangu peke yangu.

Muuguzi akatoka, mwanamke wa umri wangu hivi, glavu bado mikononi. Akauliza nani amekuja na mama wa mguu. Akatuambia vidole viwili haviwezi kuokolewa, mguu watajaribu.

"Anasema alikuwa anatibiwa huko kwenu," akasema. "Nani alikuwa anamtibu?"

Mama alikuwa amefumbua macho. Hakunitazama. Aliinama, akatafuta kandambili zake chini ya benchi, akazivaa taratibu, moja kisha nyingine, na nikajua safari hii hatanisemea.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Nasomea ualimu."