Mkato Uliomficha Mfagiaji

Karani wa kumbukumbu wa hospitali ya wazazi alikuwa na ofisi ndogo nyuma ya stoo ya dawa. Wenzake walimwita Dirisha Jeusi, kwa sababu ya skrini yake. Hakubofya picha, aliandika amri fupifupi, na mistari ya watoto waliozaliwa hapo ikateremka kama manyunyu kwenye kioo. Walimtania kwamba anaongea na kompyuta kama mtu na mama mkwe wake: maneno machache, tena kwa tahadhari. Alicheka tu. Mara nyingine mistari ilimchukua mbali, akajiona anapita polepole katika wodi ndefu, watoto wamelala pande zote mbili.

Asubuhi moja mfagiaji wa hospitali, mama wa makamo, aliegemeza ufagio mlangoni. Alieleza kwamba alizaliwa humu humu, mama yake akafariki siku ya tatu, na kila alipoomba cheti cha kuzaliwa aliambiwa hayumo kwenye kumbukumbu. Je, angeweza kumtafutia, akipata nafasi?

Karani akatafuta kwa jina la mama mzazi. Likajitokeza, lakini mahali pa tarehe palikuwa na maneno: analia kwa nguvu. Akakodoa macho. Faili lile lilitenganisha safu kwa alama ya mkato, na mkunga wa enzi hizo alikuwa ameandika daftarini, “Mzima, analia kwa nguvu,” maneno yaliyoingizwa kwenye kompyuta yakiwa ndani ya alama za kunukuu. Amri aliyoitumia karani kila siku ilihesabu mikato tu. Mkato wa mkunga ukaisukuma tarehe mbele, mtoto akarukwa kila alipotafutwa kwa tarehe.

Akachukua programu nyingine, iliyojua kwamba maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni kitu kimoja. Kila safu ikarudi mahali pake, naye akamsomea mfagiaji mstari wake. Wakatokea na wengine thelathini na mmoja, waliopotea vivyo hivyo.

“Soma tena, kaka,” mfagiaji alisema. “Polepole.”

Akasoma: Jumanne, alfajiri, kilo mbili na nusu. Mzima, analia kwa nguvu.

Mfagiaji, ambaye hata nyumbani kwake husikika kwa shida, akavuta kiti akaketi.

“Kumbe nilikuwa na sauti,” akasema. “Na mama aliisikia.”

Baada ya wiki mbili cheti chake kilitoka. Karani akaanza kuwapigia simu wale wengine. Wa kwanza alipopokea, karani alikuwa bado akitafuta namna ya kumwambia mtu kwamba yumo.