Rani Havuki Lango kwa Miguu

Naushaba, binti wa mdarizi, aliolewa katika nyumba ya raja, mfalme aliyebaki na jina tu. Raja mwenyewe, mumewe, yuko mjini Lucknow, huonekana sikukuu tu. Mimi Hamidan, mvisha bangili, ndimi mgeni pekee niliyeruhusiwa nyuma ya pazia lake.

Mama mkwe wake ana wimbo mmoja. "Waislamu wengine wana mabegum, wake wa wakubwa. Sisi ni marani. Neno lilianzia Kisanskriti, rajni, mke wa mfalme. Likalainika midomoni mwa watu, Kiurdu kikaliazima. Babu zetu walibadili dini, cheo hawakukiacha."

Haya, mama, tumesikia. Lakini paa linavuja na mchuzi wa dengu ni maji matupu. Cheo chenyewe cha kuazima, na bado kinamfungia mtoto wa watu ndani, maana rani havuki lango kwa miguu, hubebwa kwa machela. Machela imeliwa na mchwa, na wabebaji siku hizi wanaendesha riksho.

Msimu wa joto nikamletea habari kwamba mama yake yu hoi, hana siku nyingi. Nyumba yao iko nyuma ya stesheni, hapo tu. Naushaba akamwangukia mkwewe miguuni.

"Machela ikitengenezwa utakwenda," akajibiwa.

Nilikasirika. Tulipobaki wawili nikamwambia, "Vaa buibui langu, beba kikapu changu, nenda."

"Na mama mkwe akiniita?"

"Nitakohoa. Kwani rani ana kazi gani nyingine?"

Akatoka. Nikakaa kitandani pake. Dirisha lake linatazama ukuta. Mkwewe akapita nje ya pazia, akaita, "Rani?" Nikakohoa. Muda mfupi tu ule, nikatamani kupiga kelele. Yeye amekaa humo miaka.

Akarudi upesi mno.

"Umemkuta hai?" nikamuuliza.

"Hai. Aliijua sauti yangu mlangoni."

"Akasemaje?"

"Aliuliza nimekuja na machela gani. Nikamwambia nimetembea." Akavua buibui, akalikunja vizuri. "Akamkataza dada yangu kufungua. Akasema, 'Majirani wasimwone rani wangu kwa miguu. Mrudishe kwake.'"

Nje tukasikia viatu vya mkwewe vinakuja.

Naushaba akaninyooshea mikono. "Nivishe, dada Hamidan. Azisikie bangili."

Nikamvisha, huku nalia.