Mwisho Aliomtunzia Ndung'u

Wasomi wakiulizana mtunzi hupata wapi nguvu ya kutunga, mimi hucheka, maana nilimjua Gathoni, na Gathoni hakuwa na kalamu wala meza. Alikuwa mchumaji wa kahawa kwenye shamba la Mzungu huko Ruiru, mstari mmoja na mimi. Alichokuwa nacho ni mume aliyependa kusikiliza.

Jioni, githeri ya mahindi na maharagwe ikichemka, alimwambia Ndung'u, "Uga itha," yaani sema itha. Ndung'u akajibu, "Itha." Bila jibu hilo hadithi kwetu haianzi. Ndipo Gathoni akamleta yule msichana wa hadithi yake aliyefuata mto ajue maji huenda kupumzika wapi. Aliitunga mwenyewe, kipande kwa kipande, akiuangalia uso wa mumewe. Uso ukikunjamana, alirudi nyuma akatengeneza.

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa vita vya Mau Mau, Ndung'u akachukuliwa kizuizini, nasi tukahamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki upande wa Gatongora. Kafyu ikatufungia ndani mapema, hakuna kwenda kwa jirani. Gathoni akakonda. Nilidhani ni njaa, kumbe ni hadithi iliyomkwama kooni. Siku moja, jua likiwa utosini, alisimama kati ya mibuni akatutaka tuseme itha.

Tukamkataza. Hadithi haisimuliwi mchana. Ukifanya hivyo ng'ombe hupotea.

"Ng'ombe gani?" akauliza Waithira, mwenzetu mwenye ulimi mkali. "Si walishachukuliwa wote? Wewe simulia."

Tukaitikia. Tangu hapo alitusimulia kila msimu wa kuchuma, na nyapara akipita tuliimba wimbo wa kanisa. Lakini mwisho alitunyima. "Huo ni wa baba Mumbi," alisema, yaani Ndung'u, baba wa binti yao. Akiukaribia, alimzungusha msichana kwenye kilima kingine, nasi tukamnunia hadi kesho yake. Nilimwonea wivu. Mimi sikuwa na mtu wa kumtunzia chochote.

Ndung'u alirudi mwaka wa hamsini na nane, mkono mmoja haukunjuki. Jioni ile Gathoni alimpakulia, akakaa, akasema, "Uga itha." Ndung'u akatazama moto. Kesho yake ikawa vilevile. Wiki zikapita. Gathoni alikuja shambani macho yamevimba.

Mwishowe akatueleza. Alikuwa amechoka kungoja, akamwuliza mumewe kama ameichukia hadithi yake.

"Siichukii, nyina wa Mumbi," Ndung'u alimjibu. "Kule kizuizini nilikuwa namtembeza huyo msichana mimi mwenyewe kichwani, kila siku kidogo. Ndiye alinirudisha nyumbani. Sasa wewe ukimfikisha, mimi nitatembea na nani?"

Gathoni alitusimulia hayo akiendelea kuchuma, bila kuinua uso.

"Basi tuambie sisi," Waithira akambembeleza. "Hatutamwambia."

Akatikisa kichwa. Kuanzia siku hiyo hakudai jibu tena kwa mumewe. Jioni walikaa kando ya moto wawili wao, kila mmoja akimtembeza msichana wake moyoni.

Gathoni tumeshamzika, na Ndung'u pia. Najua ningepaswa kuridhika kwamba alimpenda mtu kiasi hicho. Siridhiki. Alikwenda na mwisho wake, na mimi bado nautaka.