Maneno Niliyomtungia Mtu wa Mwezini

Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa upande wa Shinyanga. Ametuomba tumfiche jina, nasi tumemfichia.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, nina mke na watoto wawili. Nazunguka na gari la sinema. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kueleza kwa Kisukuma na Kiswahili yanayosemwa na Wazungu kwenye picha. Watu hunisifu kwa Kiingereza. Ukweli nakijua nusunusu, mengine nabuni, na hakuna aliyewahi kunikamata.

Msimu huu tuliletewa picha ya ajabu: mtu wa mwezini, masikio yanawaka taa, anampenda msichana muuza mikate. Tulipoionyesha Mhunze, watu walituzomea, lo! "Upuuzi gani huu? Tuonyesheni ng'ombe!" mzee mmoja alipiga kelele. Katekista akasema ni dhambi. Wengine walibeba vigoda vyao wakaondoka. Niliona aibu kana kwamba picha ni yangu.

Basi tulipofika kambi moja ya dhahabu upande wa Geita, nikaamua kuitia chumvi. Mwishoni yule mtu anapanda chombo chake, anamshika msichana mkono, anasema maneno marefu ambayo sikuyaelewa hata kidogo. Nikatunga ya kuwapata wachimbaji: "Hata nikifunikwa na mawe sitakufa. Nitarudi. Usiolewe, usinililie, niwekee chakula." Kambi nzima ilipiga makofi! Nilijiona bingwa, jamani.

Asubuhi akaja mama mmoja, nimwite Mama Kabula. Mumewe alifukiwa shimoni, mwili haukupatikana. "Mwangaluka, baba," alinisalimu huku amepiga goti. "Yale maneno ya jana, niambie tena." Hapo ndipo ningesema kwamba niliyatunga. Nikaogopa kuonekana mwongo, nikayarudia yote.

Ndugu wa mume walipokuja kumaliza matanga, aliwafukuza. Kila jioni anapeleka ugali kwenye mdomo wa lile shimo, na mwanawe Kabula anakula kinachobaki. Mtoto amekonda hata shingo haishiki kichwa vizuri. Mara ya mwisho tulipopita, Mama Kabula alinionyesha sahani tupu, anatabasamu. "Jana amekula, baba." Najua mbwa ni wengi pale kambini. Lakini tangu siku hiyo kila nikishika kipaza sauti nasikia kama mtu anapumua nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu.

Juzi tulipoonyesha Ushirombo nilimuuliza mwalimu mmoja anayekijua Kiingereza vizuri, yule mtu wa mwezini husema nini pale mwishoni. Akashangaa. "Si wewe mkalimani? Anamwambia asimsubiri."

Jumamosi tunarudi kambini na picha ileile. Nikimwambia ukweli, mume wake atakufa upya, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi. Nikinyamaza, mtoto ataisha. Wasomaji wenzangu, nitukaneni mkitaka, lakini niambieni la kufanya kabla ya Jumamosi, maana ameshatuma salamu kwamba atakaa mbele, na pembeni yake amemwekea mumewe nafasi.